Siku Nilipokataa Kuanguka

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kihonda, mwanangu, siku niliyojiona mwanaume kumbe mjinga tu. Usinione leo nachapisha vitabu, miwani puani. Ujanani kazi yangu ilikuwa mieleka ya maonyesho, ndiyo iliyonilipia chumba. Nani ashinde, nani aanguke, tulipatana mapema, tukafanya mazoezi wiki nzima. Siku ile zamu ya kuanguka ilikuwa yangu: mwenzangu Shabani aruke kutoka juu ya kamba za ulingo, nimdake, kisha nianguke chali yeye akiwa juu yangu.

Basi natupa macho mstari wa mbele, nani yule? Mjomba wangu, kashuka kutoka milimani kuja kunitazama! Na sisi Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ndiye ukoo wenyewe. Nikasema moyoni, leo sianguki ng'o. Shabani aliporuka, nikakwepa. Akaangukia bega. Ukumbi mzima ukanishangilia.

Nje nikamtambia mjomba: "Ilikuwa nianguke mimi. Nimekataa kwa heshima yako."

Hakucheka. "Yeye alijua utamdaka?"

"Alijua, mjomba."

"Basi hukumshinda mtu. Umemsaliti. Twende kwake, sasa hivi."

Aibu niliyoiona, acha tu. Tulimkuta Shabani mkono umefungwa shingoni. Alimwamkia mjomba vizuri, mimi hakunitazama. Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka.

"Bega litapona," alisema. "Ila kukurukia wewe tena, siwezi."

Maneno yale yaliniuma kuliko kipigo chochote. Lakini sikukubali yaishie pale. Kila jioni nilikwenda mazoezini, nikamdaka kila aliyeruka, wazito kwa wepesi, Shabani akitazama tu. Miezi ikapita. Siku moja akavua viatu, akapanda kwenye kamba, akafumba macho, akaruka.

Nikamdaka. Tulilia wote wawili, majitu mazima!

Kisha nikamwita mjomba tena, nikaanguka chali mbele yake kama tulivyopatana na Shabani, watu wakinizomea. Mjomba alisimama, akapiga makofi peke yake.

Mwanangu, mtu akikuamini, usimgeuke eti kwa kuwa wapo wa kukusifu. Na ukishamkosea, nenda kwake kwa miguu yako, uvumilie mpaka akuamini tena, hata ikichukua miaka. Mungu aitie nguvu mikono yako, na asikunyime mtu wa kukudaka.