Adabu Mlangoni, Maji Uani

Kosa langu lilikuwa kumkataza jirani kupiga kelele. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa mtaa wa Umoja, kelele ni huduma. Maji huja yanapojisikia, na anayesikia bomba la uani likikohoa kwanza hupaza sauti, "Maji!" Korido nzima hutoka na mitungi.

Lakini jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa ameitwa kuanza kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya Donholm. Kiingereza alikuwa nacho, ila kila sentensi ilitoka kama amri ya askari. Keti. Ngoja. Unaumwa wapi? Akaja kwangu nimfundishe, kwa sababu nina cheti cha kidato cha nne na, kwa kuwa sitoki nyumbani, hupatikana saa zote.

Nikajifanya profesa. Nikamwambia Kiingereza cha adabu hakikimbilii jambo: unabisha polepole, unaomba radhi, unaulizia hali, ndipo unazunguka hadi ufike. "Na mazoezi uyafanye hapa hapa," nikasema. "Usiniletee tena kelele za korido."

Jumamosi nikaroweka nguo zangu zote kwenye karai, nikabaki na leso kiunoni na fulana ya kampeni. Mitungi mitupu. Mlango ukabishwa taratibu, kama wa mtu aliyekuja kuposa.

"Samahani kwa kukusumbua," jirani akasema kwa Kiingereza. "Natumaini umeamka salama?"

"Salama. Lakini tabasamu. Rudia kuanzia kubisha."

Akafunga, akabisha, akatabasamu mpaka nikaogopa. "Samahani kwa kukusumbua. Kama una nafasi, ningependa kukuarifu, ikiwa haitakuwa usumbufu..."

"Usumbufu umeshautaja. Tena, mbona unachungulia uani? Mgonjwa huangaliwa usoni!"

Akavuta pumzi, akaanza upya. Alipofika mwisho wa sentensi, ndipo nikasikia kwamba maji yalikuwa yamekuja.

Tulitoka mbio na mitungi, mimi nikiishikilia leso isinidondoke. Bomba likatoa hewa, likatoa tone, likanyamaza. Majirani wengine, ambao hakuna aliyewaita, wakaanza kuchungulia milangoni wakiuliza kuna nini.

Jirani yangu akatazama mtungi wake, akatazama povu lililonikaukia viwikoni. Kisha akairudisha ile sauti yake ya zamani, korido yote ikasikia:

"Mwalimu, hicho Kiingereza chako ni cha watu wenye maji!"