Lenzi Niliyoirudisha

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha za baiskeli lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kulisema mbele ya watu: lenzi fupi au lenzi ndefu? Wenzangu niliomaliza nao chuo waliwaza ajira na ndoa. Mimi nililala chali katika chumba changu cha kupanga, Mazimbu, nikipima faida za lenzi mbili. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, na mimi miaka yangu kazini bado ni michache. Lakini wadogo zangu katika fani hii wananiuliza wanunue lenzi gani, na jibu langu siwezi kulitoa kwa neno moja.

Nilianzia kwenye studio moja karibu na soko, mjini Morogoro. Mwenye studio tulimwita Fundi Mkuu. Hata mkewe alimwita hivyo. Siku ya kwanza nilifika na shati lililopigwa pasi na vyeti ndani ya bahasha. Hakuitazama bahasha. Alinipa kitambaa na lenzi.

"Hiki ni kikombe cha mwanga," akasema. "Mdomo ukiwa mpana, kinajaa upesi. Ukiwa mwembamba, utasubiri. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Fundi Mkuu. Lakini mdomo ukiwa mpana sana, si vitu vya nyuma vinapotea?"

"Nimesema futa, msomi."

Jina la msomi likanikaa. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mdomo ule unaitwa tundu la lenzi, na kwamba namba zake huenda kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Tundu la moja nukta nne hupitisha mwanga mara nne ya tundu la mbili nukta nane. Lenzi yenye tundu pana huitwa ya kasi, maana mwanga wake mwingi unairuhusu shata, yaani pazia la kamera, kufunguka na kujifunga mara moja, kabla kitu kinachokimbia hakijaacha mkia kwenye picha. Wateja wetu lakini hawakukimbia. Walikuja kupiga pasipoti, wakakaa kwenye stuli, wakaambiwa wainue kidevu.

Kazi ya pili ndiyo iliyonipandisha milimani. Kikundi kimoja kilikuwa kinaongoza wageni kwa baiskeli kwenye njia za Uluguru, na kiongozi wake, Mratibu wa Safari, alitaka picha za kutangaza. Njia aliyoipenda ilipita chini ya miti mikubwa, mahali ambapo hata jua la mchana hufika limechoka. Picha zangu za mwanzo pale zilikuwa michirizi ya kahawia. Nikiongeza hisia ya kamera kwa mwanga, zinajaa chenga. Flashi Mratibu aliipiga marufuku, na alikuwa na haki: mtu anayeteremka kwenye mizizi hapaswi kumulikwa machoni.

"Nunua lenzi inayofaa," akaniambia. "Moja. Wewe ndiye mtaalamu."

Sentensi hiyo ilinitesa mwezi mzima. Duka moja la Dar lilikubali kuniletea lenzi mbili nijaribu, nibaki na moja. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya milimita thelathini na tano, tundu lake moja nukta nne. Ya pili ilikuwa ya kuvuta vitu vya mbali, ndefu hadi milimita mia mbili, tundu mbili nukta nane, nzito kama mtoto aliyelala mgongoni. Nilisoma kila nilichokipata mtandaoni. Niliamua asubuhi, nikabatilisha jioni. Fupi ilikuwa na mwanga zaidi, lakini ingenilazimu kusimama pembeni kabisa mwa njia, baiskeli zinanipita puani. Ndefu ingeniweka mbali. Nilijiambia nachagua ubora. Kwa kweli nilichagua umbali. Nikairudisha fupi.

Mwendeshaji wetu hodari alikuwa Shomari, kijana wa milima ileile, aliyekua akishusha ndizi sokoni kwa baiskeli isiyo na breki. Alipoiona lenzi yangu alicheka hadi akaegemea mti.

"Msomi, umeleta bomba! Unakuja kuvuta maji?"

"Nitakupiga ukiwa bado kule juu kwenye kona."

"Kule kuna miti tu. Haya, ila nitafutie moja nzuri. Sijawahi kuwa na picha yangu kwenye hii njia, na goti linaanza kunisema."

Nilimwahidi. Hiyo ndiyo ahadi ninayoizungumzia hapa.

Kwa wasioijua njia ile, ina sheria yake ambayo hakuna aliyeiandika. Asubuhi kina mama hushuka na ndizi na mboga. Kuelekea mchana hupanda kurudi na mahitaji ya nyumbani. Aliyebeba na anapanda hasimamishwi, kwa kuwa akisimama pumzi hukatika na mzigo huongezeka uzito. Anayeteremka na baiskeli ndiye anayeshuka, anainyanyua pembeni, anaamkia. Mratibu alikuwa mkali sana juu ya hili. "Njia ni yao," aliwaambia wageni. "Sisi tunapita tu." Mimi kila baiskeli iliposimama nilishusha kamera nikasubiri mwendo. Niliajiriwa kupiga mwendo.

Siku moja nilijibanza na mgongo kwenye shina la mti, lenzi ikiangalia pengo lililonionyesha kona ya juu. Nilimsikia Shomari kabla sijamwona. Alitokea kwenye pengo kwa kasi, nikabonyeza nikiwa nimechelewa, na papo hapo nikasikia breki. Alikuwa amesimama mbele yangu kabisa. Kutoka chini alikuwa anapanda mama yake mzazi, kiroba cha unga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula."

"Nitakula ndiyo nini? Tazama uso ulivyo!"

Na mama ambaye hasimamishwi akasimama. Mkono mmoja ukabaki kwenye kiroba. Kwa mwingine alishika ncha ya khanga, akamfuta mwanawe tope shavuni, polepole, kama anafuta sahani ya wageni. Shomari, kofia ngumu kichwani, baiskeli begani, aliinamisha uso na kufumba macho. Mwanga kidogo uliokuwapo msituni ulikuwa juu yao.

Niliinua kamera. Lenzi ndefu haioni cha karibu. Huhitaji nafasi kabla ya kushika kitu vizuri. Ikahangaika mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nilichokiona ndani yake kilikuwa kifungo cha shati, tena chenye ukungu. Nikataka kurudi nyuma, mgongo ukagonga mti. Nilipopata pa kusimama, mama alikuwa ameshaipita kona.

Haukupita muda Shomari akaacha baiskeli. Goti lilikuwa limemshinda, na alipata kazi ya trekta kwenye mashamba ya miwa, Kilombero. Alikuja kuniaga.

"Ile ya mimi na mama ulinipiga, si ndiyo?"

"Haikutoka, Shomari."

"Na bomba lote lile!" Akacheka. Kisha akatazama chini. "Basi. Haina neno."

Ilikuwa na neno. Nilikwenda kwa Mratibu nikamwomba tubadilishe lenzi.

"Mwezi mzima ulichagua, leo unageuka?"

"Nilichagua vibaya."

Alinitazama, akapiga simu dukani. Lenzi fupi ikarudi.

Idd iliyofuata Shomari alikuja likizo, tukapanda pamoja hadi kwa mama yake. Siku hizi mama hashuki tena sokoni, miguu imekataa. Baada ya chai nilimweleza shida yangu, nikamwomba asogee njiani na kiroba, hata nusu tu.

"Mwanangu, unga uko ndani," akasema. "Niutoe nyumbani nikaurudishe nyumbani, kisa picha?" Akacheka hadi khanga ikamwanguka begani. Kisha akanishika mkono. "Siku ile ilikuwa siku ile. Kuleni, halafu mwende."

Zamani ningekaa pale nikipima maneno ya kumbembeleza. Nilikula. Nikamwuliza Shomari kama goti lingeweza kushuka mara moja, taratibu, kwa baiskeli ya kikundi. Akasema lingeweza.

Nilisimama pale pale penye shina, safari hii ukingoni mwa njia, tundu la lenzi wazi lote. Picha ya siku ile haipo na haitakuwapo. Iko kwenye vichwa vya watu watatu, na changu ndicho kinachoitazama mara nyingi zaidi. Shomari alitokea konani. Kutoka chini alikuwa anapanda jirani yao, ndoo ya mahitaji kichwani. Breki zikalia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Umerudi lini?"

Alishuka, akainyanyua baiskeli begani, akaegemea ukingo kumpisha. Walikuwa karibu nami kuliko nilivyozoea. Sikurudi nyuma. Nilisogea mbele, nikabonyeza.