Dorota Gawron na Kiwanda Kilichomeza Mtaa Wao

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Dorota Gawron anavaa glavu ya kushoto na kuiacha ya kulia mfukoni. Mkono wa kulia anautaka mtupu. Kidole gumba ndicho kinachomjulisha kama mpira wa mlango wa gari umekaa sawasawa au umeacha mwanya wa kupitisha maji.

Mkanda wa kiwanda unaanza kutembea. Pikapu ya kwanza ya umeme inamfikia bila milango, bila viti, nyaya zikining'inia. Dorota anachukua mpira mweusi ulio mrefu kuliko yeye, anauanzia kwenye kona ya juu ya fremu, anaubana kwa kigurudumu kidogo cha mkono, anashuka nao mpaka chini na kupanda nao upande wa pili. Anapitisha gumba. Gari linasogea, jingine linaingia.

Ng'ambo ya gari yuko Shirin Choudhury, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, anayefanya kazi hiyohiyo upande wa kushoto. Wanaongea kupitia ndani ya gari tupu, kila mmoja kwenye uwazi wake.

"Shangazi, jana umelala kweli?"

"Nimelala."

"Macho yako yanakusuta. Umekesha unahesabu vyumba vya nyumba anayoiuza mjomba wangu."

"Vyumba vyenyewe viwili. Nitavihesabu mara ngapi?"

"Basi mpe jibu. Amesema mwisho Jumapili, kuna mtu mwingine anaitaka."

Dorota anaingiza kichwa chini ya fremu. Anabana mpira mwingine.

Ana umri wa miaka 61, na kati ya hiyo 39 ameitumia katika kiwanda hiki cha General Motors, kilichopo mpakani mwa Detroit na Hamtramck. Wenzake walioajiriwa naye walichukua pensheni zamani baada ya kutimiza miaka thelathini kazini. Yeye akabaki.

"Watu wanadhani naipenda kazi," anasema wakati wa mapumziko, akimenya yai la kuchemsha. "Kazi haipendwi. Unaizoea tu, kama baridi."

Wengi wa anaofanya nao kazi hawajui jambo moja kumhusu. Dorota alizaliwa hapa. Si karibu na hapa. Ni hapahapa, ndani ya ukuta wa kiwanda.

Kabla ya mwaka 1981, eneo hili lilikuwa na nyumba, maduka, makanisa na hospitali. Uliitwa mtaa wa Poletown, yaani mji wa Wapoland, kwa sababu ya hao walioujaza tangu mwanzo wa karne iliyopita, ingawa kufikia wakati huo Wamarekani weusi nao walikuwa wengi. Baba yake, Zygmunt, alitoka Poland baada ya vita na mwaka 1951 akaandikwa kazi Dodge Main, kiwanda cha kampuni ya Chrysler kilichopakana na mtaa. Kazi yake ilikuwa kupachika milango ya magari. Alinunua nyumba ya mbao ya ghorofa moja katika barabara ya Trombly. Mama yake, Genowefa, alilima kabichi nyuma ya nyumba na kuzichachusha kwenye pipa lililokuwa chini ya ngazi.

Januari 1980, Dodge Main ilifungwa. Zygmunt alikuwa na miaka hamsini na minne.

Mwaka uliofuata, serikali ya jiji ilikubaliana na General Motors kwamba kiwanda cha zamani na mtaa wote uliokizunguka vibomolewe, pajengwe kiwanda kipya. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1908 pale Flint, mwendo wa saa moja kutoka Detroit, na kwa nusu karne ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwa kuuza magari. Jiji nalo lilikuwa na njaa ya ajira. Watu zaidi ya elfu nne walitakiwa kuhama.

Wapo waliopokea fidia wakaondoka na mioyo miepesi. Wapo waliokwenda mahakamani wakashindwa. Genowefa alikuwa miongoni mwa wanawake waliohamia chumba cha chini cha kanisa la parokia, wakakaa humo majuma kadhaa mpaka polisi walipokuja kuwatoa.

"Baba hakwenda kanisani," anakumbuka Dorota, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba. "Alikaa jikoni ananoa visu. Alinoa vyote, hadi cha kupakia siagi. Mama aliporudi tukawa na visu vikali na hatuna nyumba."

Walihamia Warren, kaskazini mwa jiji, kwenye nyumba ya matofali yenye gereji. Genowefa hakupanda kitu huko. Alisema udongo wa Warren haumjui. Alifariki mwaka 1984, na mwaka mmoja baadaye kiwanda kikatoa gari lake la kwanza.

Dorota alikuwa akiuza mikate Hamtramck aliposikia kwamba kiwanda kinaajiri. Mshahara wa huko ulikuwa mara tatu ya ule wa duka la mikate. Kaka yake, Leszek, alikuwa hana kazi, na paa la nyumba lilihitaji kubadilishwa. Aliomba kazi bila kumwambia mtu. Alipoitwa, mwaka 1986, juma zima la kwanza alitoka nyumbani amevaa aproni ya duka la mikate.

Jioni ya siku ya sita, baba yake alimsimamisha mlangoni.

"Mkate wa siku hizi unanuka grisi?"

"Wameniajiri, baba."

"Kina nani?"

"Unawajua."

Zygmunt alivitazama viatu vya binti yake. Kisha akasema, "Haya. Wewe ni mtu mzima. Ila viatu hivyo viishie gereji. Vumbi la pale lisikanyage humu."

Viatu vikaishia gereji. Kwa miaka ishirini na moja baba na binti waliishi nyumba moja wakizungumza kila kitu: theluji, bei ya soseji, Papa, timu ya besiboli. Kazi ya Dorota haikutajwa. Mshahara wake ulibadilisha paa na kumlipia baba matibabu ya moyo, na mzee hakuwahi kuuliza fedha zilitoka wapi. Lakini siku akileta nyama, baba alikula viazi.

"Kwa hiyo nikaanza kununua na viazi," anasema Dorota. "Vya kwangu alivila vizuri tu."

Leszek alikuwa akimtania kwamba ameolewa na adui. Dorota anasema utani ule ulimuuma zaidi kuliko viatu, kwa sababu Leszek naye alikuwa akila nyama.

Mambo yalibadilika mwaka 2007. Ndani ya ukuta wa kiwanda kuna makaburi madogo ya Wayahudi, ya zamani kuliko kiwanda chochote kilichowahi kujengwa hapo. Wakati mtaa unabomolewa, makaburi hayakuguswa. Kiwanda kikajengwa kuyazunguka. Hufunguliwa mara mbili tu kwa mwaka ili ndugu wa marehemu waje kuzuru. Enzi za Dodge Main, yalikuwa ubavuni mwa eneo la kuegesha magari, na Zygmunt alizoea kula chakula chake cha mchana akiwa ameegemea ukuta wake.

Asubuhi moja, wakati wa kahawa, mzee alimuuliza binti yake, "Yale makaburi wanafungua lini?"

"Jumapili ijayo. Kwa nini?"

"Nipeleke."

Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alivaa suti aliyokuwa akivaa Pasaka. Getini, mlinzi aliyemfahamu Dorota kwa sura alichungulia ndani ya gari.

"Mzee ana ndugu amezikwa humu?"

Dorota alikuwa akitafuta la kusema. Zygmunt akawahi. "Majirani," alisema.

Mlinzi alimtazama mzee, akamtazama na Dorota, akainua kizuizi.

Zygmunt alipita taratibu kati ya mawe ya makaburi, kofia mkononi. Hakukaa sana. Alitoka nje ya lango la makaburi, akaugeukia upande wa Hamtramck na kuutafuta mnara wa kanisa la Mtakatifu Floriani, ambao zamani waliuona kutoka dirisha la jikoni. Alipouona alisogea hatua chache kushoto, akarudi kidogo, akafumba jicho moja na kuinua mkongojo.

"Pale," alisema.

Dorota alifuata ncha ya mkongojo. Aliona nyasi. Hapakuwa na karakana wala reli, ila uwanja wa nyasi zilizokatwa na miti miwili michanga.

Miaka yote hiyo Dorota aliamini kwamba nyumba yao ipo chini ya karakana ya rangi, au pengine chini ya miguu yake mwenyewe. "Nilikuwa nimeshalizoea wazo hilo," anasema. "Kwamba angalau pana kazi inafanyika juu yake, pana watu wanapata chakula. Kumbe nyasi."

Baba yake naye aliziangalia.

"Nyasi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nani anazikata?"

"Kuna watu wa bustani."

"Wanakata ovyo."

Walirudi kwenye gari. Dorota alikuwa ameshika ufunguo, hajawasha, anamsubiri baba alie au atukane. Zygmunt hakufanya lolote kati ya hayo. Alifunga mkanda wa kiti, kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Wewe humo ndani unafanya nini hasa?"

"Naweka mipira ya milango."

"Mkono gani unakuuma?"

"Wa kulia. Huku kwenye gumba."

Mzee aliuchukua mkono ule, akaugeuza, akabonyeza mahali chini ya kidole. Dorota aliruka.

"Funga kitambaa cha moto kabla hujalala," alisema. "Zahanati watakwambia barafu. Usiwasikilize. Mimi nimepachika milango miaka ishirini na tisa."

Usiku huo alimwambia aviingize viatu ndani, gereji ina unyevu.

Zygmunt aliishi miaka minne baada ya hapo. General Motors ilipofilisika mwaka 2009 na kuokolewa na serikali, alifuatilia habari hizo kila jioni, na kila Ijumaa alimuuliza binti yake kama wamemlipa. Alizikwa mwaka 2011. Dorota akabaki peke yake katika nyumba ya matofali.

Novemba 2018 kampuni ilitangaza kwamba kiwanda hakina gari jipya la kuunda baada ya yale yaliyokuwepo, yaani kitafungwa. Leszek alipiga simu siku hiyohiyo.

"Dada, umesikia? Walibomoa kwetu, sasa wanabomoa kwao."

"Umefurahi?"

"Sijui. Kidogo."

Dorota alimkatia simu. "Nilikasirika sana," anasema. "Baadaye nikajiuliza, nimekasirika kwa niaba ya nani?"

Uamuzi ulibadilika. Mwaka 2020 mitambo ilisimamishwa, karakana zikafumuliwa na kupangwa upya, na kiwanda kikarudi kikiunda magari ya umeme. Dorota alifundishwa mpira mpya, mgumu zaidi, kwa sababu gari lisilo na mngurumo huusaliti hata upepo mdogo unaopenya mlangoni.

Sasa ana uamuzi mwingine. Mjomba wake Shirin, Mzee Moslehuddin, anahamia Texas kwa watoto wake na anauza nyumba yake ya mbao iliyopo Hamtramck, mitaa miwili kutoka ukuta wa kiwanda. Nyumba ina karibu miaka mia, na paa lake linavuja upande wa jikoni. Maduka mengi ya Wapoland yamefungwa. Barabara hiyo sasa ina Wabangladeshi na Wayemeni, na adhana husikika kutoka jengo lililokuwa duka la samani.

Leszek hataki kulisikia jambo hilo. Walibishana Jumamosi, mezani kwa Dorota.

"Una nyumba ya matofali. Una gereji. Unarudi kule kufanya nini, kusubiri wakubomolee tena?"

"Wakinibomolea nitakuja kukaa kwako."

"Sina nafasi. Na utaongea na nani? Wapoland wamekwisha."

"Nitaongea na Shirin."

"Shirin ni mtoto wa Bangladeshi."

"Shirin amezaliwa Hamtramck, Leszek. Wewe ndiye wa Warren."

Leszek aliondoka bila kumaliza kahawa.

Jumapili mchana, Dorota anashuka kwenye gari mbele ya nyumba hiyo. Shirin ametangulia. Mzee Moslehuddin, mwenye ndevu nyeupe na koti zito juu ya kanzu, anamzungusha tena, kana kwamba hajaiona: tanuri ya chini inayopasha nyumba joto, bomba linalovuja, dirisha la jikoni lisilofunga. Hafichi kasoro hata moja. Nyuma ya nyumba kuna kichanja cha miti na waya, na juu yake mabua makavu ya mimea iliyotambaa msimu uliopita.

"Mumunye," anasema mzee. "Mbegu nakuachia. Ila ukiniulia mazao yangu, nitakusikia hukohuko Texas."

"Sijawahi kuyapika."

"Huyu hapa atakufundisha." Anamwonyesha Shirin.

"Mimi mwenyewe napikiwa na mama," anasema Shirin.

"Basi mtafundishwa wote wawili."

Dorota anacheka, kisha anautazama ua. Mzee Moslehuddin hamharakishi. Hatimaye Dorota anauliza funguo atazipata lini. Mwisho wa Machi, anajibiwa. Anasema inatosha, mwisho wa Machi ndipo naye atakapochukua pensheni. Shirin, ambaye hakuwa amelijua hilo la pensheni, anageuka kumtazama.

Matengenezo yapo mengi na hayawezi kufanyika kwa mkupuo. Fundi amemshauri aanze na paa. Dorota amekataa. Anataka aanze na ngazi ya mbele, ambayo ina kidato kimoja kilichooza, na aiwekee na chuma cha kushikilia.

"Leszek ana goti bovu," anasema. "Akifika pale akakuta ngazi mbovu, atapata sababu ya kurudi kwake. Paa acha livuje kidogo."