Sharti la Nne

Ukiniuliza kazi yangu nitakueleza kwa ufupi, maana nikirefusha watu husinzia. Kuna maabara moja hapa Kisumu inayotoa majibu ya vipimo mchana kutwa, na kila jibu lina pake pa kwenda: mfumo wa kifua kikuu, wa watoto, wa wajawazito, au wa zahanati zilizotapakaa ufukweni. Hapo katikati pana programu inayopokea kila jibu, inalisoma, kisha inaamua liende wapi. Kama ni makohozi, peleka kule. Kama ni mtoto, peleka huku. Masharti matatu niliyakuta. La nne niliandika mimi: kama hayo yote hayahusiki, angalia mahali palipoandikwa kwenye fomu, upeleke jibu zahanati ya hapo. Nililijaribu wiki nzima, halikukwama hata mara moja, nikatembea ofisini kifua mbele.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ndiye aliyenilea. Amepanga chumba mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, tangu niko shule ya msingi, na anakaanga samaki karibu na bomba la maji. Alipogundua uvimbe kwenye titi, nilimpeleka hospitali mwenyewe, akakatwa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara ile ile. Tukaambiwa zahanati ya karibu naye itamtafuta.

Wiki ya tatu nikamuuliza. Akasema hajatafutwa, na kwamba ingekuwa kitu kibaya wangeshamtafuta. Wenzake kwenye foleni ya maji walisema hivyo hivyo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema hivyo hivyo. Kufungua jibu la mtu wako kwenye mfumo ni kufukuzwa kazi, nami nilijiona mtu wa kufuata sheria. Wiki ya saba uvimbe ukawa unaonekana hata juu ya nguo. Nikasema potelea mbali, nikafungua.

Jibu lilikuwa limetoka siku ya tisa. Lina alama ya kijani: limetumwa, limepokelewa. Limepokelewa Port Victoria.

Mama mdogo aliolewa Port Victoria. Mumewe alifariki zamani, nyumba yake iko kule, na yeye huenda Krismasi na matanga. Karani wa hospitali alipomuuliza mahali anapokaa, mlitaka ajibu nini? Kwetu mtu mzima hasemi Nyalenda. Nyalenda ni pa kutafutia riziki. Mtu hutaja kule alikojengewa boma, ambako atazikwa. Hata mimi nina miaka kumi mtaa wa Migosi, hapa hapa mjini, na fomu zangu zote za kazi zina kijiji cha baba. Hilo nililijua kabla sijaijua kompyuta, na bado nikaandika sharti la nne. Mjinga mimi, mjinga kabisa.

Nikapiga simu zahanati ya kule. Muuguzi alikuwa mpole, jambo lililoniumiza zaidi. Alisema walimtuma mhudumu wa kijiji mara mbili hadi bomani, akakuta mlango una kufuli.

Nilimwendea meneja. Nikamwambia sharti lile linawapoteza watu, tulizime leo. Alinisikiliza vizuri, akasema mabadiliko ya masharti hupitishwa na kamati, na kamati hukaa mwisho wa mwezi. Nikamuuliza ni majibu ya watu wangapi mengine yamelala mbele ya milango yenye kufuli. Akasema nitume ombi kwa maandishi.

Mama mdogo nilimweleza yote, kwamba kosa ni langu. Nilitaka anigombeze. Aliniuliza tu kama yule mhudumu alisema nyasi za uani zimeota sana. Daktari naye aliongea mengi kwa sauti ya chini. Nililoshika ni kwamba ugonjwa umeshafika kwenye mapafu, na kwamba wiki zile zingesaidia.

Siku ya kulazwa, karani alitoa fomu mpya. Alipofika kwenye swali la mahali anapokaa, nikawahi kujibu: Nyalenda. Mama mdogo akanishika mkono.

"Hapana, nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama alivyoniita nikiwa mtoto. "Andika Port Victoria. Hapa mimi nimepanga tu."

Nikamwambia majibu yake yatapotea tena.

"Yaende tu. Mimi pia naenda huko."

Karani alitutazama, kalamu mkononi. Kamati ilikuwa bado haijakaa, na sharti langu lilikuwa bado linafanya kazi. Nikamwambia aandike Port Victoria.