Kaka Yake Nyanya Jirani

Jana mwalimu wa historia alituonyesha picha ukutani. Wazungu wa serikali huko India wameketi kwenye viti vya henzirani, na nyuma yao Wahindi wamesimama na sinia za chai. Akaeleza habari za kodi, maandamano na magereza, kisha akabonyeza, picha ikabadilika, akasema hatimaye Waingereza waliondoka. Basi, yakaisha hapo. Akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Mimi nilikuwa nalo, lakini unanijua, mbele ya watu sauti yangu hukauka. Niliinama nikajifanya natafuta kalamu. Nilirudi nyumbani nalo lote kifuani, kwa hiyo nakusimulia wewe.

Mama yangu ni kerea, huosha na kulisha wazee wa watu majumbani kwao, na nilipokuwa mdogo zamu zake zilikuwa ndefu. Nikitoka shule nilishinda kwa jirani yetu hapa Barking, mlango wa tatu kutoka wetu, mwanamke mzee Mgujarati. Mama aliniambia nimwite Nyanya, maana kwetu Kenya bibi ni mke wa mtu. Alizaliwa kijijini India, akaolewa Kisumu kwa mwenye duka la nguo, na miaka kadhaa baada ya uhuru wakahamia huku London.

Nyumbani kwetu tuliongea Kiingereza, kwa sababu mwalimu wangu wa nasari alimtisha Mama kwamba lugha mbili zitanichanganya. Kiswahili nilikipata kwa Nyanya, na kilikuwa Kiswahili cha nyuma ya kaunta. "Wewe kuja hapa. Toa viatu. Kula kwanza, maneno nyuma." Mimi nilidhani hivyo ndivyo Kiswahili kilivyo. Jumapili moja tulikwenda kanisani Woolwich, mama mmoja wa kwaya akaniuliza habari yangu. Nikamjibu kwa adabu zote, "Mimi iko mzuri sana. Wewe iko namna gani?" Wale kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. "Dada, huyu mtoto ulimtoa duka gani?" Mama alicheka nao, ila wiki iliyofuata nilijikuta darasa la Kiswahili la Jumamosi. Hiki ninachokiandika ni cha darasani. Kile kingine sina tena wa kuongea naye.

Jikoni kwake kulikuwa na joto kuliko mahali popote ninapopajua. Mbegu za jira zikipasuka kwenye mafuta, dirisha limejaa ukungu, presha kuka ikipiga mluzi hadi mbwa wa ghorofa ya chini anajibu. Kazi yangu ilikuwa kupaka samli chapati zikitoka motoni, moja moja, na nikipaka nyingi mno aliniambia mimi ni tajiri, niende nikaolewe na sultani. Tukiwa hivyo, mikono ina unga, ndipo hadithi zilipokuja.

"Zungu iko kwetu India," alikuwa akisema. "Sisi nasema toka. Natoka. Mimi nakwenda Kisumu, kumbe, iko pale pia! Watu nasema toka. Natoka. Basi mimi nasema, sasa mimi nakwenda kwake, tuone."

"Na yeye akasema toka?"

"Kila siku, pale kituo ya basi." Tukacheka, ingawa na mimi kituoni nilishaambiwa.

Hadithi niliyoipenda ni ya kaka yake. Kaka alikuwa kijana wa shule ya sekondari, na kabla ya jua kuchomoza aliwakusanya watoto wakazunguka vichochoro wakiimba nyimbo za kuwaamsha watu wadai nchi yao. Bendera ya uhuru ilikuwa imepigwa marufuku, na askari walikuwa wakipekua wavulana, kwa hiyo aliyeibeba ni yeye, msichana mdogo, imekunjwa ndani ya blauzi. Wakifika kona salama anaitoa, kaka anaitungika kwenye fimbo, wanaimba wimbo mmoja, wanaificha, wanahama. Asubuhi za Jumamosi tulifanya hivyo kwenye korido yetu. Nyanya mbele akigonga sahani ya chuma kwa kijiko, mimi nyuma na kitambaa cha jikoni tumboni. Yeye aliimba kwa sauti ya kutoboa milango. Mimi nilichezesha midomo tu. Jirani wa mwisho alitoa kichwa akatuuliza kama tuna wazimu, na Nyanya akamjibu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba tuko kazini.

Halafu kuna sehemu ambayo hakuisimulia akiwa amesimama. Alikaa kwanza. Askari aliyekuja kumchukua kaka hakuwa Mzungu. Alikuwa Mhindi, ndugu wa tumbo moja wa mama yao, polisi wa serikali ya Mwingereza. Kila alipokuja aliwaletea watoto sukari guru, kwa hiyo siku ile msichana alipoona vifungo vyake vinang'aa kwenye kichochoro, alikimbia ndani akipiga kelele za furaha kwamba mjomba anakuja. Mama yao akafungua mlango. Mjomba akaketi, akanywa maziwa aliyopewa, akapangusa masharubu, akasimama akamshika kaka mkono. Kaka hakurudi. Walioletewa habari zake ni wazazi, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kumtaja yeyote kati yao wawili, si kaka, si mjomba. Nilipomuuliza Nyanya kwa nini ananiambia mimi, alisema, "Kiswahili watu yangu hapana sikia."

Nilipokaribia kumaliza shule ya msingi, lugha zilianza kumtoka. Kiingereza kilitangulia. Siku moja daktari alimuuliza kitu, Nyanya akamtazama kama ukuta, kisha akanigeukia. "Zungu natoka kichwani pia. Mimi hapana fukuza, natoka yenyewe." Nilicheka sana. Sikujua kwamba Kiswahili kiko nyuma yake kwenye foleni. Kilikwenda kidogo kidogo, leo jina la kijiko, kesho jina langu. Kiangazi chote nilikaa naye akisema Kigujarati nami nikisema kile Kiswahili chetu, na nilichotaka ni kimoja tu: anijue. Hata kwa kukonyeza. Hata kwa kunikaripia kuhusu samli.

Siku ya kwanza ya sekondari nilipitia kwake nimevaa blaza mpya, vifungo vya shaba, nembo kifuani, nikitaka aione. Alikuwa kitandani. Mwanawe, aliyekuja kutoka Leicester, alikuwa jikoni. Nyanya aliniona mlangoni, akatazama vifungo, na uso wake ukabadilika.

"Mama!" akasema. "Mama! Mama!"

Mama yangu aliwahi kuniambia kwamba wazee wengi wakikaribia mwisho huwaita mama zao, na kwamba usiwabishie, uwatulize tu. Kwa hiyo nilijua la kufanya. Unaelewa? Kwa mara ya kwanza miezi ile yote nilisikia neno ninalolijua. Nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikamwambia, "Ndiyo, Nyanya. Mama anakuja. Mama yuko mlangoni."

Alipiga yowe. Alijiburuta kutoka kitandani, yule mzee asiyeweza kusimama, akaegemeza mgongo mlangoni, na kwa mkono mmoja akawa anamsukuma mtu nisiyemwona kuelekea dirishani, akimnong'oneza kama anayemwambia aende, aende. Mwanawe alilazimika kuusukuma mlango ili aingie.

Baadaye, kwenye ngazi, alinieleza bila hasira. Kwao mama mzazi ni ba. Mama ni mjomba.

Alimhamishia Leicester wiki hiyo, ilikuwa imeshapangwa. Mimi sikulala. Kila nikifumba macho nasikia sauti yangu mwenyewe, tamu, ikimtangaza yule askari. Mwishowe nilimwomba Mama ampigie yule mwana simu, nikamuuliza inasemwaje kwa Kigujarati kwamba mjomba ameondoka. Akasema, "Mama gaya." Akayarudia mara kadhaa mpaka nikaweza, kisha akaweka simu sikioni kwa mama yake.

"Mama gaya, Nyanya," nilisema. Nilisema kwa nguvu, mimi huyu, mpaka Mama akanigeukia. "Mama gaya. Mama gaya."

Nilisikia pumzi yake tu. Halafu sauti ndogo, ya mtoto kabisa: "Ane bhai?"

Mwanawe akachukua simu. Nikamuuliza amesema nini.

"Anauliza, na kaka je?" Kisha yeye mwenyewe akauliza, "Kaka gani? Mama yangu alizaliwa na dada zake tu."

Nikaanza kumwambia. Niliruka ruka, alfajiri, nyimbo, bendera kwenye blauzi, maziwa, na yeye akasikiliza bila kunikatiza, mtu mzima wa miaka sitini na ushei anayesikia habari za mjomba wake kutoka kwa msichana Mkenya kwenye simu. Nilipomaliza, akaniuliza taratibu, "Aliitwa nani?"

Sikujua. Miaka yote ile jikoni sikuwahi kuuliza. Nyanya alisema kaka, nami nikasema kaka, na sote wawili tulijua ni nani.

Mwanawe alimuuliza siku iliyofuata, na nyingine tena, lakini kufikia hapo alikuwa hajibu kwa lugha yoyote. Alifariki baridi ilipoanza. Watoto wa dada zake wako India, mwanawe aliwaandikia. Hakuna aliyewahi kusikia habari za huyo kaka. Vijana waliokamatwa wakiimba kule walikuwa wengi mno, na bila jina hujui uanzie wapi kumtafuta.