Wembe Moja kwa Nyumba Nzima

Admin wa hii group, ficha jina yangu, hata kama kwa hii mudomo Lubumbashi nzima itanitambua. Niko muzee, miaka yangu imepita makumi nane, meno imebakia ile ya kuchekea tu. Na mujue mbele ya yote: wakati Katanga ilijitenga, wakati ndege za vita zilipita juu ya mabati yetu, mimi njo, ndiyo mimi, niliponesha bantu wa avenue yetu ugonjwa ya macho ya manjano. Hata bibi, muke ya muzungu mumoja, alikuja kunipigia magoti.

Bongo hiyo, uongo mutupu. Sikuponesha hata kuku. Nimesema vile juu mubakie kusoma, maana nyie ba siku hizi mukiona maneno ya muzee munapitisha kidole.

Ukweli iko hivi. Nilikuwa kijana, nimeoa, na binti yangu wa kwanza angali kwa mugongo ya mama yake. Tulikaa lupango moja, kiwanja moja ya nyumba, na mama yetu na yaya wangu, kaka yangu mukubwa. Asubuhi moja yaya akaamuka macho manjano kama kiini ya yai, mukojo yake rangi ya kahawa.

Tukamupeleka dispansaire, kliniki ndogo. Anfirmie, muuguzi wa kule, alikuwa na kabuti nyeupe na kiburi ya minister. Hakuuliza inamuuma wapi. Aliuliza anakunywa pombe gani, akasema hii iko ugonjwa ya bachafu. Kisha akamuchoma na sindano ile ile aliyotoka kumuchoma muntu wa mbele, amepangusa na pamba tu. Musomi huyo. Yaya akarudi nyumbani manjano vile vile.

Njo mama akaita munganga ya miti, jitu limevaa koti ya jandarme, askari wa Katanga, na mwenye koti alikwenda wapi hatukuuliza. Huyu alimucheka anfirmie sana. Sheria yake ilikuwa hii: wote banaokula sufuria moja bachanjwe siku moja, na wembe moja, mugonjwa mbele, kisha bakubwa, kushuka mupaka mutoto wa mwisho. Kubadilisha wembe, alisema, ni kupasua jamaa. Tukakaa mustari. Yaya, mama, mimi, bibi yangu, na mwisho kabisa, na ule wembe uliokwisha kulamba damu yetu wote, kifua ya binti yangu. Dawa aliyopakaa ilikuwa majivu. Na sisi tukapiga makofi.

Yaya akapona. Docta wa leo ameniambia mwili yake njo ilipigana yenyewe, bakubwa wengi banapona vile. Lakini munganga aliondoka na mbuzi yetu na sifa, na anfirmie alitembea avenue nzima kusema iko sindano yake. Bajinga babili, kila mumoja anamuita mwenzake mushenzi, na wote chombo moja kwa bantu wote.

Binti yangu akakomaa, akaolewa, akazaa. Kisha tumbo ikavimba, mikono ikabakia mifupa, akakufa. Munajua jamaa ilisema nini? Bulozi, uchawi. Bakamunyoshea kidole bibi ya marehemu yaya, mujane asiyeweza kuua panya, mupaka akahama. Hakuna hata mumoja aliyefikiria wembe. Ugonjwa ilikaa kimya miaka yote, sisi tukaitafuta na kelele.

Sasa mutoto aliyemuacha, mujukuu wangu, iko na mimba kubwa. Maternite, kule bamama banazalia, imepima damu, wamekuta hepatiti B. Docta, mwanamuke kijana, hakutukana muntu. Alisema mutoto akiambukizwa angali mudogo, mara nyingi ugonjwa inabakia naye, na mama anaweza kumupatia mutoto wakati ya kuzaa. Njo vile ilishuka mupaka kwake. Akamupa kidonge ya kila siku, akasema mutoto achomwe vaksin, sindano ya kukinga, siku ile ile ya kuzaliwa, na bwana yake apimwe. Nikamuuliza juu ya miti, nimuchokoze kidogo. Akacheka. Kula muzuri, kupumuzika, kuacha pombe, uji na mboga, hakuna shida. Lakini muti yenye haujue, maini njo inaupika, na maini ya huyu mama iko na kazi ya kutosha.

Kumbe mama mukwe wake, mama wa kusali kuliko padri, amekwisha kuita mujukuu wa yule yule munganga. Wembe ungali moja. Kilichoongezeka ni simu na chupa za kusafisha maini. Siku ya posho, juma mosi hii, tunapashwa kukaa mustari tena, kunakosa tu neno yangu, mukubwa wa lupango. Nikamuambia mama mukwe, wembe ile njo iliua mama ya huyu. Akanijibu pole pole, mbele ya wote:

"Muzee, ukikatala, tutajua nani anakula batoto ya hii nyumba."

Tena akasema nikikatala atamupeleka azalie kwabo Kilwa, ile yetu ya Katanga, mbali na lami. Munajua njia ya Kilwa? Mutoto atazaliwa ndani ya lori, na vaksin itabakia huku inamungojea. Na bwana ya mujukuu wangu, mwenye diplome, alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikisema ndiyo, wembe. Nikisema hapana, lori. Nyie wenye akili ya simu, nishaurini, nifanye nini? Lakini musiniambie nisali. Ule mama anasali kunishinda.

Na weye Admin, usijifiche. Kwa kilio ya tate yako, matanga ya babu yako, nilikuazima biti byangu bya kukalia, moja ikarudi na miguu mitatu, sikukulipisha. Sasa unilipe. Siku ya posho uje kwa lupango, usome hii kwa sauti mbele, kabla yule kijana munganga hajafungua kitambaa ya wembe. Mimi nikisema, niko mulozi. Weye ukisoma toka kwa simu, watasema kumbe iko kweli.