Orodha ya Watu Ninaowasemea Bure

Baba yangu husoma mkataba kwa rula. Huiweka chini ya mstari wa kwanza, akausoma polepole, kisha akaishusha hadi wa pili, na ole wako umharakishe. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai huku kwetu Nyamache, na ingawa alistaafu zamani, rula yake ya mbao bado iko kazini.

Ana sababu zake. Nilipokuwa shule ya msingi alitia sahihi karatasi ya kampuni fulani ya miti bila kuimaliza, akapanda mikaratusi kando ya kijito chetu. Kampuni ikatoweka. Karatasi ilisema miti isikatwe mpaka wenyewe waje, na baba ni mtu wa neno lake, basi akangoja. Mikaratusi ikanywa kijito mpaka tukawa tunachota maji kwa jirani. Tangu hapo aliweka sheria kwamba hakuna karatasi ya kutiwa sahihi nyumbani kwake kabla haijasomwa kwa sauti, kipengele kwa kipengele, na kuelezwa kwa Ekegusii, lugha yetu, mpaka mama aelewe. Mama akikunja uso, karatasi inarudi ilikotoka.

Mimi ni mkalimani wa simu. Naishi Nyakoe, na wakala mmoja wa Nairobi hunipigia siku nzima. Upande mmoja wa laini kuna daktari au afisa wa bima asiyejua Ekegusii, upande wa pili kuna mtu wa kwetu asiyejua lugha nyingine, nami niko katikati. Sikuajiriwa. Kwenye karatasi zao naitwa mkandarasi huru. Mwaka wangu wa tatu walinitumia mkataba mpya kwa simu, kurasa kumi na nne za Kiingereza na kitufe cha kubonyeza chini, wakanipa siku saba. Nakiri kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilikuwa Keroka nikingoja chapati, na nani husoma kurasa kumi na nne huku anangoja chapati? Kilichonizuia ni kumwogopa baba tu, mimi mwenye miaka thelathini na minne. Nikauchapisha, Jumapili nikaupeleka nyumbani.

Tulikaa sebuleni. Baba alisoma Kiingereza, mimi nikageuza kwa Ekegusii, mama akachambua wimbi kwenye uteo na kutoa hukumu. Tulipofika pale pa mkandarasi huru mama aliuliza huru maana yake nini. Nikamweleza kwamba hakuna bosi juu yangu. Kipengele kilichofuata kilisema simu ipokewe kabla haijalia mara ya nne, na kilichofuata hicho kikasema nisisafiri bila kuwaarifu. Mama akasema hata punda wetu wa zamani hakuwa huru kiasi hicho, na baba akacheka mpaka rula ikaanguka. Niliwapenda sana wakati ule, wazee hawa wawili wanaoweza kufanya mkataba uwe mchezo.

Kipengele cha kumi na moja kiliumaliza mchezo. Kilisema kwamba muda wote wa mkataba, mkandarasi hatafanya ukalimani wa Ekegusii kwa mtu mwingine yeyote wala taasisi yoyote, kwa malipo au bila malipo.

Nilianza kukigeuza, nikasita katikati, kisha nikakimalizia. Mama ana presha. Kila mwezi huenda kliniki Kisii mjini, na madaktari wengi pale ni wageni. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha salamu za kanisani. Mimi ndiye mdomo wake kule, na masikio yake pia. Baba mwenyewe amekuwa mzito wa kusikia na hawezi kukaa foleni, na ndugu zangu wako mbali. Nikitia sahihi, namwacha mama mlangoni kwa daktari. Nisipotia, nakosa kazi, na kazi ya lugha ya mama yako haiokotwi barabarani.

Baba aliinua rula. Mama hakukunja uso.

"Weka sahihi," alisema. "Mimi nitamwonyesha daktari kwa kidole mahali panapouma."

Akacheka, akarudi kwenye wimbi lake. Baba hakucheka. Alikunja mkataba, akaniambia nizungumze na wenyewe kesho yake, na nizungumze kwa adabu, kwa sababu anaijua hasira yangu, aliyenipa ni yeye.

Jumatatu nilipiga simu. Mama mmoja anayeshughulikia mikataba aliniambia wenzangu wote wa lugha nyingine wamekubali. Adabu ilianza kuniponyoka. Nilimuuliza kama anataka nimwambie mama yangu anyamaze mbele ya daktari. Akapata dawa. "Sikia, dada," alisema. "Wewe andika majina ya wale unasaidianga bure. Tutawaweka nje ya hiyo kipengele. Lakini yawe yote, ukisahau mtu, huyo hayuko."

Hapo alikosea. Mtu hampi karani mstaafu orodha ya kuandika akategemea itakuwa fupi.

Jioni ile, nyumbani, baba alitoa karatasi kubwa, akapiga mistari, jina, kwao ni wapi, anasumbuliwa na nini. Alianza na mama, akafuatisha shangazi zangu wote, halafu jirani wa juu mwenye macho, jirani wa chini mwenye mguu. Nilimkumbusha kwamba kila Sabato mhubiri mgeni akija mimi ndiye ninayemtafsiria. Akafikiri, akaandika, "Kanisa lote, pamoja na wageni wao." Nilimwambia haiwezekani kuandika kanisa zima kama mtu mmoja. Akajibu kwamba yule mama alisema yawe yote.

Siri ya orodha haikai Nyamache. Jumanne asubuhi watu walikuwa wamejaa uani na nakala za vitambulisho, maana huku kwetu orodha ni ya mbolea au ya pesa za wazee, na anayechelewa amekosa. Nilisimama kizingitini nikawaeleza mara tatu kwamba hakuna mbolea, hii ni ya wale ambao mimi nitawasemea hospitalini. Nilitarajia waondoke. Wachache waliondoka wakinung'unika. Bibi mmoja wa ng'ambo ya kijito, ambaye sikuwahi kumsemea popote, alinisogezea kitambulisho chake. "Mbolea naweza kuomba kwa jirani," alisema. "Hilo lako ndilo nalitaka. Niandikeni." Baba akamwandika. Nilitaka kulia na nilitaka kumfokea baba, yote mawili, kwa sababu nilijua mkataba hauwezi kubeba mlima mzima.

Orodha ilijaza karatasi tano, nyuma na mbele. Niliipiga picha nikaituma jioni ile nikiwa nimeshakata tamaa.

Alhamisi yule mama wa mikataba alinipigia. Alisema ameisoma yote, hata safu ya magonjwa, na wakubwa wake wameisoma pia. Alianza kucheka, kisha sauti yake ikabadilika. Akaniambia mama yake yuko Taita, na mpaka juzi hakuwahi kujiuliza nani humzungumzia kwa daktari. Halafu akarudi kazini. Orodha kama ile haingii kwenye mkataba, alisema, ni rahisi zaidi kufuta maneno "au bila malipo", na yameshafutwa.

Baba aliusoma mkataba upya kuanzia ukurasa wa kwanza, asije mtu akawa ameingiza kitu kingine. Mama akasikiliza vipengele vyote. Ndipo nikabonyeza kitufe.

Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki. Daktari alikuwa kijana mgeni, mpole, na alishtuka kuona presha imepanda kuliko mwezi uliopita. Aliuliza kama mama ameacha dawa. Mama alijibu kwa sauti ya chini akitazama mikono yake, na hakuwa ameniambia hata neno moja la yale.

Sisi wakalimani hatusemi "anasema anaumwa". Tunasema "naumwa", kama aliyeulizwa mwenyewe. Basi nikasema.

"Dawa nimekunywa zote, daktari. Lakini wiki ile ya mkataba niliogopa. Niliogopa kukaa kwenye kiti hiki peke yangu, niambiwe jambo kubwa, nisilielewe."

Sauti ilinikatika pale mwisho. Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza taratibu ni nani kati yetu aliyeogopa. Nikamgeuzia mama swali, kama kazi inavyotaka.

"Mwambie sisi sote," alisema mama.

Nikamwambia.